Umefika Ukurasa wa Ngapi?

SALMA: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Mimi Salma, na mwenzangu hapa…

BEDA: Beda. Leo nimekuja na kitabu chenyewe mkononi, msije mkasema natunga.

SALMA: Tunakiona. Kina duara la kikombe cha chai juu ya jalada.

BEDA: Duara si langu, dada. Hiki ni cha mtumba, nimekiokota pale Posta kwa wale wanaopanga vitabu chini. *Vuta N'kuvute*, cha Shafi Adam Shafi. Na kabla hujaniuliza niko ukurasa wa ngapi, nina jambo la kukiri.

SALMA: Kiri.

BEDA: Hiki kitabu nilikifanyia mtihani kidato cha sita. Nikafaulu. Na sikuwahi kukisoma.

SALMA: Ati nini?

BEDA: Shule yetu ilikuwa na nakala tatu, sisi tuko darasa zima. Tukasoma uchambuzi. Makaratasi ya kutoa kopi, yamefifia mpaka herufi nyingine unakisia. Dhamira, migogoro, wahusika na sifa zao. Naweza kukutajia migogoro mpaka leo, ila ukiniuliza kitabu kinaanzaje, sijui.

SALMA: Subhanallah. Na ukaandika insha?

BEDA: Kurasa nne! Tena nikaandika kwamba Yasmin alipomkimbia yule mume mzee, Bwana Raza, alikwenda kuishi ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma. Mimi mtu wa Bukoba, ng'ambo kwangu ni Ulaya. Nikajua mtoto kapanda meli.

SALMA: (anacheka) Beda! Ng'ambo ni hapo tu, ukitoka Mji Mkongwe unavuka barabara.

BEDA: Sasa ningejuaje?

SALMA: Haya, nikusamehe. Zamani palikuwa na mkono wa bahari katikati, ndiyo maana ya ng'ambo. Ukafukiwa, ikabaki barabara. Wazee mpaka kesho wanaiita Creek Road, ingawa siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Upande wa mjini majumba ya mawe, upande wa pili ndiko walikoishi watu wa kazi. Kwa hiyo mtoto wa Kihindi kuhamia Ng'ambo enzi za Mwingereza, ile safari ni ya hatua chache lakini heri angepanda meli.

BEDA: Hilo ndilo nimeliona wiki hii, ndani ya basi la mwendokasi, natoka Kimara. Nimepitiliza kituo mara mbili. Na aliyenipitilizisha ni Mwajuma. Yale makaratasi yetu yalisemaje? "Mwajuma, mpenda starehe, hafai kuigwa na jamii." Mstari mmoja, kamalizwa. Kumbe ndugu wenye heshima zao wamemfungia Yasmin mlango, na huyu asiyefaa kuigwa ndiye anayemfungulia. Hana kitu, chumba chenyewe cha kubanana, lakini karibu mwenzangu. Tena ana maneno yule! Anamcheka Yasmin, anamtania, anampa moyo. Denge, mpenzi wa Yasmin, na siasa zake za kumtoa mkoloni ni sawa, nampenda, lakini akiingia Mwajuma mimi nakaa vizuri kwenye kiti.

SALMA: Mwajuma tunamjua sote. Kila mtaa wa Unguja unaye.

BEDA: Basi aliyeandika ule uchambuzi hakuwa na jirani. Haya, zamu yako. Umebeba nini?

SALMA: *Peponi*. Ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, yule anayefundisha Kiswahili pale chuo cha SOAS, London. Na mimi nina la kukiri pia, nilikwishakisoma kwa Kiingereza. Mwaka ule Gurnah aliposhinda Nobeli ya Fasihi, 2021, kila mtu anagombana mtandaoni kama ni wetu au si wetu, mimi nikaona heri nisome kwanza ndipo nigombane. Kiingereza kilitoka 1994. Hii ya Kiswahili ni ya 2022. Hesabu mwenyewe.

BEDA: Miaka 28.

SALMA: Mtoto wa Malindi, Unguja, kitabu chake kimezunguka dunia miaka 28 ndiyo kinafika kwao.

BEDA: Sasa ukishakijua kisa, unarudia cha nini?

SALMA: Sikiliza. Kuna kijana Yusuf, ana miaka 12. Baba yake ana kihoteli katika mji mdogo. Kila mara anakuja mgeni tajiri, Aziz, na akiondoka anampa mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa utafuatana naye, anapandishwa treni. Kwa Kiingereza huyu Aziz ni anko. Basi, anko. Sasa niambie wewe, kwa Kiswahili ni nani?

BEDA: Mjomba.

SALMA: Kwa nini mjomba? Huyu ni mgeni wa baba. Sisi kaka wa baba ni ami.

BEDA: Kwetu huyo ni baba mdogo. Au mkubwa. Na mjomba ni wa upande wa mama, unamwibia hata ndizi mbivu asiseme kitu.

SALMA: Umeona? Mwingereza hajali, lakini sisi lazima tuchague, na ukichagua umeshasema mtoto ni wa nani na nani ana sauti juu yake. Mfasiri kachagua lipi sisemi, mtakutana nalo. Ila utamu uko dukani, kule anakofikishwa. Kijana mwenzake, Khalil, anamwambia huyo si lolote kwako. Baba yako anadaiwa, wewe umewekwa rehani.

BEDA: Duh.

SALMA: Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini. Kwa Kiingereza nilielewa, nikapita, nikasema maskini. Lakini rehani naijua, Beda. Nilipoingia sekondari bangili za mama zilikaa rehani kwa sonara mwaka mzima. Kila tukipita pale mama anatazama kando. Bangili zilikombolewa. Nikawa najiuliza, mtoto anakombolewaje?

BEDA: (kimya kidogo) Hilo sikulitegemea.

SALMA: Wala mimi.

BEDA: Ngoja nikubishie kidogo. Mwandishi kaondoka Unguja kijana, baada ya Mapinduzi, kafundisha Chuo Kikuu cha Kent miaka chungu nzima, kaandika kwa Kiingereza kwa hiari yake. Kitabu chenyewe si kile cha Kiingereza?

SALMA: Ndicho, sikatai. Na kuna kilichopotea, nisiwe mwongo. Kwa Kiingereza neno kama mnyapara limesimama peke yake kama kisiki shambani, lazima ujikwae. Kwa Kiswahili limezama, maana maneno yote ni ndugu zake. Na kuna kurasa za msafara wa kwenda bara zimenichosha, sentensi ndefu, nazisoma mara mbili. Lakini watu wanapozungumza dukani, wanapochambana! Kwa Kiingereza nilikuwa kama nimekaa na mkalimani. Sasa nimekaa nao barazani.

BEDA: Basi ukimaliza niazime.

SALMA: Vitabu vyangu siazimi. Nilikwisha kufunzwa na watu, na mmoja wao anatusikiliza sasa hivi.

BEDA: Mimi si watu, mimi kaka yako.

SALMA: Kaka wa upande gani? Niachie rehani.

BEDA: Nina nini mimi? Hiki hapa chenye duara la chai?

SALMA: Lete.

BEDA: Nimebakiza kurasa arobaini, dada.

SALMA: Panda mwendokasi, nenda Kimara urudi. Mimi nakusubiri.