Jinsi ya kusikiliza mahubiri mpaka mwisho: tunaanza Jumamosi jioni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Karibuni nyumbani kwangu hapa Masasi. Leo nimekaa barazani, na mezani nina vitu vitatu tu: Biblia, kalamu na daftari dogo la shule. Kina mama wenzangu wameniuliza sana: unafanyaje usisinzie, na mawazo yasikutoroke, mahubiri yakianza? Nitawaonyesha ninavyofanya, hatua kwa hatua.

Ila niwaambie kwanza nilikoanzia. Bibi yangu miguu imechoka, kanisani hafiki tena. Kila Jumapili nikirudi, hata viatu sijavua, ananiuliza, "Haya, wamesema nini huko?" Siku moja nikakaa mkekani mbele yake sina cha kumwambia. Nyimbo nilizikumbuka. Matangazo niliyakumbuka. Mahubiri? Hata somo lilitoka kitabu gani sikujua. Bibi hakunigombeza, alisema tu, "Basi, wiki ijayo." Neno lile lilinichoma. Tangu siku hiyo nasikiliza kama mtu aliyetumwa, na hatua zote mtakazoziona zimetoka hapo.

Hatua ya kwanza, Jumamosi jioni, soma somo la kesho. Makanisa yanayofuata kalenda, masomo yanajulikana mapema. Kwa Wakatoliki, kwa mfano, masomo ya Jumapili yana mzunguko wa miaka mitatu: A, B na C. Muulize katekista wenu, au mzee wa kanisa. Kama kwenu mhubiri anachagua somo mwenyewe, ruka hatua hii, usihangaike.

Soma kwa sauti, mara moja, taratibu. Kisha andika swali moja. Sogezeni macho hapa, kamera inakuja karibu na daftari. Mnaona juu nimeandika "Luka 8, mpanzi", ule mfano wa Yesu wa mtu aliyetoka kupanda, mbegu nyingine zikaanguka njiani. Chini yake swali: "Kwa nini huyu baba anamwaga mbegu njiani?" Ni swali la mkulima. Sisi huku tukipanda mbaazi tunachimba shimo, tunatia mbegu mbili tatu, tunafukia. Mbegu haimwagwi hovyo, mbegu ni chakula ulichojinyima. Sasa mtu akiingia kanisani na swali kama hilo kifuani, mhubiri akitaja njia tu, masikio yanasimama yenyewe. Anayeingia bila swali anangoja aamshwe.

Hatua ya pili, lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na Jumamosi ndiyo siku tunayojinyima zaidi: kuna ngoma, kuna mpira, kuna msiba wa jirani. Someni Matendo ya Mitume sura ya 20. Kijana Eutiko alikaa dirishani, Paulo akaendelea kusema mpaka usiku wa manane, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka, akamkumbatia, na kijana alikuwa hai. Hatusomi popote kwamba alikaripiwa. Kwa hiyo ukitoka kukesha msibani usijione mwenye dhambi. Mwili unadai haki yake. Simama kidogo kule nyuma, humohumo ndani ya kanisa, ukae tena ukijisikia sawa.

Asubuhi kula kidogo na kunywa maji. Hii ni fupi lakini msiidharau, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika, bati linapochemka juu ya vichwa. Sahani ya muhogo wa nazi, halafu joto lile, hapo hakuna mahubiri yatakayoingia. Kikombe cha uji au chai na kipande cha muhogo wa kuchemsha vinatosha.

Tunakuja pa kukaa. Kaa karibu na mbele, upande usiopigwa na jua, mbali kidogo na spika, kwa sababu chini ya spika sauti inakwaruza na maneno yanapotea. Mlangoni usikae: kila anayeingia utamgeukia.

Mama mwenye mtoto mdogo, nakuona, hapa nataka nikae na wewe kidogo. Usikubali mtu akuambie kwamba kwako mahubiri hayawezekani mpaka mtoto akue. Kaa mwisho wa benchi ili utoke bila kuruka magoti ya watu. Mpe mtoto kitu kisicho na kelele, kipande cha kanga alichokizoea, siyo biskuti yenye karatasi inayolia. Na kubwa zaidi, kubalianeni na mwenzako. Nusu ya kwanza yeye anamshika mtoto, wewe unasikiliza. Nusu ya pili mnabadilishana. Mkitoka, kila mmoja anamsimulia mwenzake nusu yake, njiani mkirudi. Mimi na jirani yangu tulifanya hivyo mwaka mzima, na mpaka leo yapo mahubiri ninayoyakumbuka kwa sauti yake yeye.

Simu izime. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, weka hali ya ndege kabla hujavuka kizingiti.

Sasa daftari. Rudini karibu. Chini ya swali napiga mstari. Mhubiri akianza, siandiki kila kitu, maana anayeandika kila kitu hasikii. Naandika mistari mitatu, isizidi mitano. Mstari wa kwanza ni jambo kubwa alilolisema. Wa pili, mfano alioutoa. Wa tatu, neno nisilolielewa: hapa nimeandika "kuhesabiwa haki", na ibada ilipokwisha nilimfuata padri akanieleza.

Na huku nyuma, geuzeni nami, ukurasa wa mwisho kabisa. Mnaona yaliyoandikwa? "Mnada. Ada. Maharage jikoni." Haya ndiyo yanayotuiba. Msimu wa korosho nani hawazi bei ya mnada? Wazo likija, ukilifukuza linarudi na wenzake. Liandike neno moja nyuma hapa, litakungoja. Kisha inua macho umtazame mhubiri usoni, ushike sentensi anayoisema sasa hivi. Yaliyopita usiyakimbilie, na usikae dakika tano unajilaumu, utapoteza na hizo.

Asiyeandika atumie vidole. Jambo la kwanza kidole gumba, unakibana, la pili kinachofuata. Bibi alishika mahubiri hivyo maisha yake yote. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipofika hapa Masasi na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wengi hawakuwa na kitabu mkononi. Neno lilikaa kwa aliyelisikia, akampelekea mwingine.

Nitasema na hili. Yapo mahubiri marefu, na mengine hayakuandaliwa vizuri. Tunajua. Hata hayo, tafuta mstari mmoja wa kumpelekea mtu.

Hatua ya mwisho, fikisha siku ileile, kabla hujalala. Mtafute mgonjwa, mtoto, mume aliyebaki shambani. Funga daftari kwanza, simulia kwa mdomo wako. Utakaposimama katikati na kukwama, hapo ndipo masikio yalipolala, na Jumapili ijayo utapajua.

Jumapili iliyopita nilimsimulia bibi ule mfano wa mpanzi wote. Njia, ndege, miamba, na miamba sisi wana Masasi tunaijua. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akauliza, "Na zile zilizoota penye miiba, huyo baba hakuwa na jembe?" Sikuwa na jibu. Nimeliandika, lile pale chini kabisa ya ukurasa, mnaliona? Jumapili nitamuuliza padri.