Mboji Ndiyo Tangi Letu

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari waliofika kwenye bustani ya mafunzo, Dodoma

Marahaba, wanangu. Karibuni sana. Sogeeni huku chini ya mwarobaini, na walio nyuma waje mbele waone vizuri. Walimu wenu waliniambia mmekuja kujifunza mambo mawili: kutengeneza mboji, na kulima bustani kwa maji kidogo. Mimi nitayafundisha kama somo moja. Katika mkoa huu wetu, anayepuuza la kwanza atahangaika na la pili maisha yake yote.

Tuanze na hesabu. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 550, nayo huja kati ya Desemba na Aprili, basi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tazameni lile tuta la mchicha: upana mita moja, urefu mita tano. Nani amepata? Sawasawa, lita 2,750. Gaweni kwa ndoo ya lita 20, mnapata zaidi ya ndoo 130, zimefikishwa hadi kwenye tuta bila mtu kwenda kisimani. Sasa kwa nini ikifika Julai tunahangaika na ndoo kichwani? Kwa sababu mvua yetu hunyesha kwa nguvu, siku chache, juu ya ardhi iliyokaa wazi juani miezi mingi hadi ikafunga. Maji hayazami. Yanateremka korongoni, tena yanaondoka na udongo wa juu, ule wenye rutuba.

Angalieni hizi chupa mbili. Nimezikata vitako, nimezigeuza, nimetoboa vifuniko. Hii ina udongo wa kichanga wa hapahapa. Hii ina udongo uleule uliochanganywa na mboji. Binti, mimina kikombe kimoja huku, na mwenzako kikombe kimoja kule, taratibu. Mmeona? Ya mchanga imeshaanza kumwaga. Ya mboji ndiyo kwanza inadondosha, na mwishowe kitakachotoka ni kidogo kuliko mlichomimina. Kilichobaki kimeshikwa mle ndani, kinaisubiri mizizi. Ndiyo maana nasema mboji ndiyo tangi letu.

Sasa njooni kwenye shimo. Ndiyo, shimo. Vitabu vingi vitawaonyesha lundo juu ya ardhi, na kwa watu wa Rungwe au Kilimanjaro, kwenye mvua nyingi, ni sawa kabisa. Hapa upepo na jua vitalikausha, na mboji ikikauka vijidudu vinavyoiozesha vinaacha kazi. Kwa hiyo tunachimba kina cha nusu mita hivi, tunapanga ndani, tunafunika kwa nyasi. Chini mabua ya mtama yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, kisha samadi, udongo kidogo wa juu na majivu kiasi, halafu tunarudia. Kila tabaka linamwagiwa maji. Yale ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Mnaosoma kemia, vijidudu hawa wanataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Mabua yana kaboni nyingi, samadi na majani mabichi yana naitrojeni. Plastiki, betri, nyama na mafuta ya kupikia visiingie humu.

Hii fimbo iliyochomekwa katikati ndiyo kipimo changu. Ichomoe, kijana. Shika ile ncha. Ya moto, siyo? Na ina unyevu. Hapo kazi inakwenda. Joto la nyuzi 55 hadi 65 linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ingetoka ya moto lakini kavu, ningeongeza maji. Ingetoka ya baridi na inanuka, ningejua hewa haipiti, nikageuza. Kugeuza tunafanya kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kuna jambo linaniuma, nalisema wazi. Baada ya mavuno mtaona moshi kila upande, watu wanachoma mabua ili shamba liwe safi. Wanachoma mboji ya mwaka ujao, na pamoja nayo maji ambayo udongo ungeyashika. Mkirudi nyumbani, waambieni wazee kwa heshima wasiyachome.

Huko Burkina Faso alikuwepo mkulima aitwaye Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023. Ukame ulipowakimbiza wenzake miaka ya 1980, yeye alibaki, akaboresha mashimo ya kienyeji yaitwayo zai. Aliyachimba wakati wa kiangazi, akayapanua, akatia samadi na mabaki ya mimea. Mchwa wakafuata chakula. Sisi mchwa tunawaona adui, lakini wale walitoboa ardhi ngumu, na mvua iliponyesha maji yakapata njia ya kushuka. Mtama ukaota mahali palipokuwa pamekufa, kisha na miti. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood. Shimo lile lilikusanya maji na mbolea mahali pamoja, ndiyo maana nimeyaunganisha masomo yenu.

Kuhusu umwagiliaji, nitasema machache, mengine mtayaona. Matuta yetu ya kiangazi yako chini ya usawa wa ardhi, si juu, ili maji yasikimbie. Juu yake kuna matandazo ya nyasi kavu, jua lisifike kwenye udongo. Tunamwagilia jioni au alfajiri, kwenye shina. Saa sita mchana usimwagilie.

Sasa shikeni majembe. Kundi la kwanza, lile shimo lisilo na fimbo linahitaji kugeuzwa: cha juu kiende chini, cha pembeni kije katikati. Kabla ya kuongeza maji, chukua konzi moja ufumbate. Yakichuruzika, yametosha kupita kiasi; ikimeguka kama vumbi, leta ndoo. Kundi la pili, nifuateni kwenye mabua, tukayakate.