Mti Usio na Kibao

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, vikundi vya miche na wanafunzi, Mombasa

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniambia nina dakika arubaini, na nikimtazama naona saa keshaitoa mkononi akaiweka mezani, kwa hivyo wacha niingie moja kwa moja.

Zamani kidogo, kabla sijastaafu, niliwachukua watoto wa darasa la nne nikawapeleka kwenye bustani moja ya umma hapa mjini. Tulikwenda kwa miguu, tumeshikana mikono kama gari moshi. Chini ya mti mmoja mrefu kijana wangu mmoja akaokota ganda gumu, nene, lililopasuka katikati. Ndani mbegu zimejipanga kama meno: nyeusi ti, zinang'aa, na kila moja imevaa kofia nyekundu. Akaniinulia. "Mwalimu, huu mti gani?"

Nikanyamaza. Nimefundisha sayansi tangu ujana wangu. Sehemu za ua nazichora ubaoni macho nimeyafumba. Jina la mti ule silijui. Nikamwendea kijana aliyekuwa akimwagilia maji, akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi nimepewa mpira wa maji tu." Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai kando ya njia. Hata hakuinua macho kwenye mafuta yake. "Si mbambakofi huo? Hamuioni ile milango ya Mji wa Kale?"

Basi safari ikageuka. Tukaenda Mji wa Kale, watoto wakapapasa milango, wakaweka zile mbegu juu ya nakshi, wakagombana mlango upi ni mbambakofi na upi ni mvule. Mzee mmoja akatoka kutuuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia akaingia ndani akaleta kiti, akakaa, na somo akalichukua yeye.

Mimi tangu siku ile nikiulizwa bustani ya mimea ni kitu gani, husema hivi: mti tulikuwa nao, mjuzi tulikuwa naye, hatua chache tu kati yao. Kilichokosekana ni kibao chenye jina lake.

Bustani ya kupumzikia tunaijua: nyasi, kivuli, benchi, mtu na aiskrimu yake. Sina ugomvi nayo. Lakini bustani ya mimea ina daftari. Kila mmea umeandikwa humo: jina lake, mbegu ilitoka wapi, nani aliiokota, ilipandwa lini. Ukifa, unaandikwa umekufa. Amani kule Tanga walianza kazi hiyo 1902, Entebbe 1898. Ukiondoa daftari, hata uwe na miti elfu, ulicho nacho ni kivuli.

Bustani kongwe ya namna hii iliyobaki pale pale ilipoanzia ni ya Padua, Italia, ya mwaka 1545. Hawakuianzisha kwa ajili ya maua. Iliwekwa kwa wanafunzi wa udaktari, kwa sababu wauza dawa wa zama zile walikuwa wakichanganya majani, wengine kwa kutojua, wengine makusudi, na aliyelipia ni mgonjwa. Mwanafunzi alipelekwa auone mmea wenyewe ukiwa hai, aunuse, aushike, ili kesho asidanganywe. Umo humo mti mmoja wa jamii ya mitende uliopandwa 1585. Ngome yetu hapo ilianza kujengwa 1593. Yaani Mreno anachimba msingi wa Ngome ya Yesu, mti ule una miaka minane. Na mpaka leo unachipua.

Sasa mimi nawauliza, tofauti ya Padua ya wakati ule na soko letu la leo ni ipi? Mwenda sokoni anakuta mizizi imefungwa mafungu, magome, unga wa kahawia, unga wa kijani. Gome likishasagwa, hata aliyelileta anaulizia mfuko wake ulikuwa upi. Sisemi dawa za miti ni uongo. Nyanya yangu alinilea nazo. Nasema hatuna mahali ambapo mama anaweza kwenda kuutazama mti uliosimama, na majani yake na maua yake, akasema: aa, huyu ndiye.

Chukueni mwarubaini. Jina lenyewe ni tangazo la biashara, maradhi arubaini! Majani yake twayachemsha, vijiti twapigia mswaki. Lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Neno hilo lingeandikwa kwenye kibao chini ya mti, kwa herufi ambazo mama aliyembeba mwanawe anaweza kuzisoma bila miwani, kibao hicho pekee kingelipa gharama ya bustani nzima.

(Bwana mkubwa pale nyuma anatikisa kichwa. Tutazungumza baadaye, sheikh wangu, nakuona.)

Najua wengine mnasema, Mombasa ni mawe, maji ni ya mkokoteni, bustani itaota wapi? Twendeni Bamburi basi. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba pale miaka ya 50, na walipomaliza kutoa chokaa wakaacha shimo jeupe, jua linakurudi usoni, chini maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizoshika ni tatu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa huko Somalia. Mvinje ukashinda wote, kwa kuwa mizizi yake inakaa na vijidudu vinavyotega naitrojeni ya hewani na kuulisha mti.

Ila likatokea tatizo. Majani ya mvinje yale kama sindano yalianguka, yakalala, hayaozi. Zulia juu ya jiwe. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo mti mwingine hauingii. Kilichofungua njia ni jongoo. Walimwona anakula yale majani, wakawakusanya majongoo kwa mamia wakawamwaga humo. (Msicheke. Najua methali mnayoifikiria, na hapa kuna watoto.) Jongoo anatafuna sindano, anatoa mbolea, mbolea inakuwa udongo, udongo unapokea mbegu ya pili. Mwaka 1984 pakafunguliwa watu waingie. Leo panaitwa Haller Park, na kila mtoto wa hapa anakijua kisa cha yule kiboko aliyeachwa yatima na tsunami ya 2004 akaenda kumwegemea kobe. Kisa kizuri. Lakini nikipewa saa moja na darasa mle, kiboko nitampa dakika tano. Zilizobaki nitawachuchumalisha watoto chini ya mvinje, wafukue: juu sindano kavu, chini yake sindano nyeusi zilizokatikakatika, chini yake udongo, chini ya udongo jiwe jeupe. Kiganja kimoja tu, na humo mna somo la muhula mzima, mtoto kaligusa kwa kidole chake.

Kuna jambo jingine kibao kinalifanya, na mimi hunifurahisha kupita yote. Huwa nawauliza watoto: kati ya mwembe na mbuyu, yupi mgeni hapa? Wote wanasema mbuyu, kwa sababu umekaa kigenigeni, tumbo kubwa, vidole juu. Kumbe mgeni ni mwembe, katoka Bara Hindi. Mwarubaini, vilevile wa huko. Mkanju, mpera, mpapai, hata muhogo wa kwenye chai yako, wametoka Marekani ya Kusini na ya Kati, na Mreno ana mkono wake humo. Mlangilangi katoka Asia ya mbali. Na tazama tulivyo wakarimu, mitaa tumewapa wageni: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mikanjuni! Halafu njoo kwa mkwaju. Wataalamu wanauita Tamarindus indica, kutokana na Waarabu walioita tunda lake tende ya Hindi. Ukisoma jina utasema huyu Mhindi. Asili yake ni Afrika. Vibao vitano kwenye njia ya hatua hamsini, na mtoto wa Majengo kaisoma Bahari ya Hindi nzima bila kufungua kitabu.

Tusije tukadhani lakini kwamba kila kiitwacho bustani ya mimea kinaihudumia jamii. Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa Kilifi, mizimamizima, ikatindwa matawi ili ipakiwe melini ipelekwe Georgia, kwenye bustani moja ya miti kando ya Bahari Nyeusi. Mwezi wa Novemba Rais akaamuru uchunguzi. Sitaingia nani alitoa kibali na nani hakutoa. Mimi najiuliza kuhusu kibao. Kule kitaandika jina la mbuyu la kisayansi, Adansonia digitata, Kenya. Kitaandika kwamba chini ya mti ule watu walikuwa wakikaa kikao? Kwamba watoto waliokota mabuyu yake, mama akayatia rangi na sukari akayauza kwenye vikaratasi nje ya shule? Na popo wake je? Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo ndiye huja usiku kulizalisha.

Nililiona mara moja, kwenye bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa, baada ya Maghribi. Tulikuwa tumesimama na vijana wachache na mzazi mmoja aliyenishuku. Tumba lilikuwa kama ndimu inayoning'inia. Likapasuka taratibu, petali nyeupe zikajikunja nyuma huku tunatazama, kwa macho haya, pasi na haja ya video ya kuharakisha. Harufu yake si ya uturi, nawaambia ukweli. Asubuhi ua lishakuwa la kahawia, liko chini. Mbuyu ule vijana wale wameupita maisha yao yote. Hakuna aliyekuwa ameliona ua lake.

Gharama nitaipita haraka, maana hiyo ni kazi ya wenye mafungu. Nataka niseme mawili tu. La kwanza, msipande nyasi za kumwagilia asubuhi na jioni wakati mtaa wa pili wananunua maji kwa mtungi. Pandeni vinavyojua chumvi na mawe. La pili, mlangoni. Niliwahi kurudishwa na watoto thelathini kwenye lango la bustani moja, sitaitaja, kwa kuwa risiti yangu ilikosa muhuri. Tukakaa nje juani tukasoma majani yaliyokuwa uzioni. Somo lilikuwa zuri, lakini sikusahau. Mtoto aliyevaa sare ya shule asilipe wala asiombwe karatasi.

Na bustani haina lazima ya ukuta. Kina mama wa Gazi, kule Kwale, wamejenga daraja la mbao katikati ya mikoko. Mgeni analipa, anatembezwa, anatajiwa majina: mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi. Kenya nzima ina aina tisa. Hapo hapo Gazi, tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unalipwa, na wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa, kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za vijiji. Mnaokaa Tudor na Mikindani, mikoko mnayo mlangoni. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama pilipili ndefu. Mpe mtoto moja aichomeke topeni, mwezi ujao arudi kuitazama. Mnangojea bajeti ya nini?

Nimalizie na nyanya yangu, maana yeye ndiye bustani ya kwanza niliyoijua. Uani kwake Mji wa Kale alikuwa na mrehani kwenye bati la samli, asumini imepanda ukutani, na Alhamisi jioni akitunga kikuba, kile kishada cha kunukia: asumini, mrehani, kipande cha mkadi, waridi likipatikana, na ua la kilua. Kilua hakikuota kwake. Kililetwa na mtu kutoka msituni, kimefungwa kwenye jani la mgomba, na nyumba nzima ilijua kimefika kabla mlango haujafunguliwa.

Nimekuja kusoma uzeeni kwamba mti wa kilua, mkilua, ni wa misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania. Na mtaalamu wa Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, Bernard Verdcourt, alipoupa jina la kisayansi, hakutafuta Kilatini cha mbali. Aliuita Mkilua fragrans. Mkilua! Neno la nyanya yangu. Popote duniani mti huo utakapowekewa kibao, Mjapani atalazimika kulitamka. Na hapa kwetu nimewauliza wasichana wa kidato cha tatu, darasa zima, kilua ni nini. Mmoja akasema ni aina ya samaki.

Kwa hiyo leo sikuja mikono mitupu. Nje pale karibu na bomba kuna miche sita ya mkilua, kwenye mifuko myeusi. Anayetaka mmoja kwa shule yake au mtaa wake aandike jina kwenye daftari la mwenyekiti, na namba ya simu, nitapita kuuangalia. Uwekwe kivulini, usipandwe mpaka mvua ishike. Vibao nimeshaviandika vyote sita, jina la Kiswahili kwa herufi kubwa, la kisayansi chini yake. Nafasi ya mahali na tarehe nimeiacha wazi, na kalamu isiyofutika ninayo hapa mfukoni.