Tazama Mbio Ukiwa na Daftari

(Mhadhara kwa vikundi vya jogging na walimu wa michezo, Tabora)

Wazee wetu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati.

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, huku kwetu bado usiku, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda uleule. Walitenganishwa na sekunde 0.03. Kabla ya hapo Tanzania haikuwahi kupata dhahabu katika mashindano hayo. Ushindi wa namna hii huwatoa watu ndani: kesho yake alfajiri barabara inajaa, wiki ya tatu wamebaki walewale wa zamani. Hamasa walikuwa nayo. Kipimo ndicho hawakuwa nacho.

Basi tupige hesabu. Gawanya muda wa Simbu kwa kilomita 42.195: kila kilomita ni dakika 3 na sekunde 5 hivi. Kwa mita 400 ni sekunde 74. Kesho chukueni kamba ya mita 50, muipime mara nane kwenye barabara ya vumbi chini ya miembe, muweke alama ya chokaa mwanzo na mwisho. Kamba ya nailoni huvutika ukiikaza, kwa hiyo ihakikini kwanza kwa tepu ya fundi. Kisha kimbieni hizo mita 400 kwa sekunde 74. Kijana mwenye pumzi ataziweza, atafika ameshika magoti. Simbu alikimbia vipande vya namna hiyo 105 na nusu, na mwishoni bado alikuwa na mbio za kumpita mtu aliyemtangulia mbele ya utepe. Ukishaionja hiyo sekunde 74 miguuni, hutatazama tena mbio kwa macho yaleyale.

Sasa geukia upande wa pili. Mtanzania John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968. Tunamsimulia kama mtu aliyechechemea na bandeji gotini akamaliza wa mwisho, na ni kweli: alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Walioanza walikuwa 75. Lakini gawanyeni muda wake pia. Wastani ni dakika 4 na sekunde 52 kwa kilomita, goti likiwa limeumia. Wengi wetu humu, wazima wa afya, tunakwenda dakika 6 au 7. Machozi tunayomlilia tungeyapunguza kidogo, tukaongeza heshima kwa mazoezi yake.

Ukitazama, andika. Kila kilomita 5 muda huonekana kwenye kioo: uandike, toa ule uliotangulia, uone nani anapunguza. Angalia mabega, yakianza kupanda kuelekea masikioni, huyo amechoka hata kama uso unatabasamu. Angalia nani anakunywa kwenye meza za maji na nani anazipita. Kuanzia kilomita 30 usiende kuchemsha chai. Hapo wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unakaribia kwisha, na aliyeanza kwa pupa huanza kulipa.

Mwanafunzi wa mbio za televisheni huumia kwa kuiga mwisho kabla ya mwanzo. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana pumzi inakuruhusu halafu ugoko unakukatalia. Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua jambo hili: msafara wa kwenda pwani siku ya kwanza ulitembea mwendo mfupi tu, mizigo ikae sawa na aliyesahau kitu arudi kukichukua.

Kwa anayeanza: siku tatu kwa wiki, dakika 30, kimbia dakika 2 tembea 2. Wiki ya tatu, kimbia 4 tembea 2. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Ukifika kukimbia mfululizo, ongeza si zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Septemba na Oktoba, kwa joto la hapa, saa moja asubuhi uwe umeshamaliza. Maumivu ya kuenea mguu mzima ni uchovu. Ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole ni jeraha, pumzika.

Olimpiki ijayo ya majira ya joto ni Los Angeles, Julai 2028. Mbio za saa moja jioni kule zitaonekana hapa saa kumi na moja alfajiri. Daftari liwe mezani, viatu viwe mlangoni.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale mwenye kitenge cha bluu.