Wakuu wa Ngome ya Windsor: Kutoka Ulinzi hadi Heshima

Mabibi na mabwana, cheo nitakachokizungumzia leo kina jina zito kuliko kazi yake: Konstebo na Gavana, yaani mkuu (si askari polisi), wa ngome ya kifalme ya Windsor, magharibi ya London.

Hapo awali jina na kazi vililingana. William I, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alimkabidhi Walter FitzOther ngome hiyo pamoja na msitu mkubwa ulioizunguka. Kwa kuwa wafalme wa zama hizo hawakukaa mahali pamoja, mkuu wa ngome ndiye aliyeshika funguo, akawalinda wafungwa na, fitina ilipozuka, akaamua nani afunguliwe lango.

Sijui mfano unaoonyesha mamlaka hayo waziwazi kuliko ule wa Kanali Christopher Whichcot, gavana aliyewekwa wakati Windsor ilipokuwa mikononi mwa Bunge, lililopigana vita na mfalme. Mfalme Charles I alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na maiti yake ikaletwa Windsor. Askofu Juxon alitaka kumzika kwa ibada ya kitabu cha sala alichokizoea marehemu, lakini Whichcot akakataa, kwa hoja kwamba Bunge lilikwisha kukipiga marufuku. Basi mfalme akashushwa kaburini, ndani ya kanisa la Mtakatifu George, bila kusomewa neno, kwa sababu kanali mmoja hakutoa ruhusa.

Ufalme uliporudishwa, wafalme hawakusahau, nadhani, jinsi cheo hicho kilivyoweza kuwageukia. Mwaka 1668 kilipewa Prince Rupert, binamu yake Charles II, mpiganaji hodari aliyekuwa pia fundi na mchoraji. Naye, badala ya kungojea adui, akapamba kuta za Mnara wa Duara kwa mikuki, bunduki na deraya zilizopangwa kwa ustadi, na jirani na hapo akaweka karakana yake ya majaribio. Silaha zilikuwa zimeanza kuwa pambo. Kuanzia mwaka 1843 cheo kikawa kwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria: mkuu wa ngome alikuwa sasa mwenye nyumba.

Tangu miaka ya 1960 kimekuwa aghalabu tunzo ya maofisa wakuu wastaafu wa majeshi, ambao makazi yao ni Mnara wa Norman, jengo lililowahi kuwa gereza na ambalo kuta zake bado zina michoro iliyochongwa na wafungwa. Ulinzi wenyewe ni kazi ya polisi na wanajeshi. Gavana hubaki na itifaki na kuiwakilisha ngome mbele ya wageni.

Mmoja wao anatuhusu sisi kwa karibu. Jemadari William Slim, aliyeshika cheo hiki kuanzia 1964 hadi 1970, ndiye aliyeongoza Jeshi la 14 katika vita vya Burma (Myanmar ya leo), ambamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw kwenye matope ya masika ya mwaka 1944. Wapo miongoni mwenu, bila shaka, wenye babu aliyepita bondeni humo. Amri za Slim zilizogharimu maisha ya watu zilitolewa huko. Aliyoyasimamia Windsor yalikuwa mapokezi na gwaride.