Usiulize Unafanana na Nini, Uliza Ulizuiwa na Nini

Mwenyekiti, na nyinyi nyote mliokuja, nashukuru. Wanaonifahamu wanajua nitakalolisema, na nawaona wawili watatu pale nyuma wameshaanza kutabasamu. Nitalisema hata hivyo, kwa sababu bado naulizwa swali lile lile: "Nimeipenda bendi hii, nipe nyingine inayofanana nayo." Muziki unaofanana na ule ulio nao utaletewa na programu za muziki hata usipouomba. Anayetaka kuufikia muziki wa jazi, wa roki na wa majaribio usiosikika sana duniani aulize jambo jingine: ni kitu gani kilichouzuia usinifikie?

Chukueni Zambia. Katikati ya miaka ya 1970 bendi iliyoitwa WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emanyeo Chanda, ambaye mashabiki walimbandika jina la Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger, ilikuwa ikijaza kumbi kwa maonyesho yaliyoanza jioni na kwisha usiku wa manane. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na vijana waliokulia roki ya Uingereza na Marekani wakaliitikia agizo hilo kwa magitaa ya umeme. Isikilizeni santuri yao ya mwaka 1975, "Lazy Bones!!". Sauti ya gitaa la solo imekwaruzwa kwa makusudi hadi inakaribia kupasuka, na kanyagio la mguuni linaivuta sauti hiyo na kuiachia kama mtu anayefumba na kufumbua mdomo.

Hapa huwa anasimama mtu, kwa kawaida kijana mwerevu, na kuniambia kwamba kama muziki huo ungekuwa mzuri kweli, ungejulikana. Jamani! Waliokuwa wakijaza kumbi zile walikuwa akina nani? Kilichouzuia muziki ule usivuke mipaka kilikuwa shaba. Nchi iliyotegemea shaba kwa karibu fedha zake zote za kigeni iliiona bei yake ikiporomoka kuanzia 1974, na fedha za kigeni zinapoadimika, ala za muziki na vipuri vyake haviko miongoni mwa vitu vinavyoagizwa kwanza. Vita vya ukombozi katika Rhodesia ya wakati ule, Zimbabwe ya leo, vikaleta amri za kutotoka nje usiku, ilhali bendi hula kwa kazi ya usiku. Kanda zilizonakiliwa kiharamu zikala mauzo ya santuri, na baadaye UKIMWI ukawaondoa wengi wa wanamuziki wale. Chanda mwenyewe akaenda kuchimba vito. Lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, ya Marekani, Now-Again, ndiyo iliyozirudisha santuri hizo sokoni katika miaka ya 2010, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, "Zango". Katika mlolongo wote huo sioni mahali ambapo mtu aliusikiliza muziki wenyewe akauona haufai.

Faida ya kukijua kizuizi ni kwamba kinakuonyesha pa kwenda. Ukishajua kwamba nyumbani mambo yalikuwa magumu, utauliza nani aliondoka, na utawakuta Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, wakirekodi albamu yao "Wings of Africa" jijini Nairobi mwaka 1975. Ukiifuata amri ya kutotoka nje, utafika Addis Ababa baada ya mapinduzi ya 1974, ambako Walias Band ilipiga katika hoteli ya Hilton na wasikilizaji wakabaki humo hadi alfajiri, kwa kuwa kutoka hakukuruhusiwa. Mpiga kinanda wao, Hailu Mergia, alihamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuendesha teksi mjini Washington kwa miaka mingi, kinanda kikiwa kwenye buti na yeye akifanya mazoezi garini alipokuwa akisubiri abiria. Mwaka 2013 lebo ya Awesome Tapes From Africa ikaitoa upya kanda yake ya 1985, naye akarudi jukwaani. Hakuna programu itakayokupeleka kutoka roki ya Lusaka hadi kinanda cha Addis, maana kwa masikio muziki huo haufanani hata kidogo.

Mtaniambia kuhusu Ryo Fukui, najua. Ni kweli kwamba mpiga piano huyu wa Japani, aliyeanza kujifunza ala hiyo akiwa na miaka 22, alifikia mamilioni ya watu kupitia mapendekezo ya YouTube, miongo kadhaa baada ya kuitoa "Scenery" mwaka 1976. Nakubali, na nafurahi. Lakini waulizeni hao mamilioni ni nani aliyempigia besi, ni nani aliyeshika drums. Ni Satoshi Denpo na Yoshinori Fukui, nao wameandikwa kwenye jalada, wala si siri ya dola. Asiyesoma jalada hubaki na santuri moja aliyopewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbio. Trio ya Ganelin, kundi la watu watatu, ilipiga jazi huria, ile inayobuniwa papo hapo, mjini Vilnius, Lithuania, wakati wa Umoja wa Kisovyeti. Kanda zilivushwa kwa siri hadi London, na Leo Records, iliyoanzishwa 1979, ikachapa kwenye majalada tamko la kuwakinga, kwamba wanamuziki hawahusiki na kutolewa kwake. Mwaka 1978 bendi ya Henry Cow ya Uingereza iliita London, kwenye tamasha moja, bendi nyingine nne, kutoka Sweden, Italia, Ufaransa na Ubelgiji, ambazo kampuni kubwa hazikuzitaka. Ukiipata moja umezipata tano. Ya Kambodia nayaacha kwa kukosa muda.

La Misri siliachi. Mwaka 1944 Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya, akarekodi wanawake wakiimba katika zar, ngoma ya kupunga pepo, mjini Kairo, kisha akaingia studio ya redio akazichuja sauti za wanawake wale hadi zikabaki mwangwi. Pierre Schaeffer, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa mwanzilishi wa muziki unaotungwa kwa sauti zilizorekodiwa, alianza 1948. Kipande cha El-Dabh kilichosalia ni kifupi, kwa hiyo fundi atatuwekea chote kabla ya maswali.