Jinsi ya kusafisha uso kwa altrasaundi bila kujiunguza (hatua kwa hatua)

Haya jamani karibuni, habari zenu wote, ile video mliyoililia siku nyingi ndo hii sasa, leo tunasafisha uso kwa altrasaundi, yaani mitetemo ya sauti ambayo sikio halisikii, mwanzo mpaka mwisho, na leo namfanyia mdogo wangu, huyu hapa kalala anacheka tu, hebu salimia watu. Haya kasalimia, tuanze.

Vifaa kwanza, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Viko viwili na kila kimoja kina kazi yake. Hiki cha bapa, chenye ulimi wa chuma kama kamwiko, wengi tunakiita skraba, hiki ni cha kusafisha. Huu ulimi unatetemeka kama mara 24,000 mpaka 30,000 kwa sekunde moja, na sikio la mtu linaishia kama 20,000, ndo maana nikiwasha hivi hamsikii kitu na macho hayaoni kinatikisika. Paka wangu yeye anasikia vizuri kabisa, nikibonyeza tu anainuka anaondoka, nshamfungulia mlango mapema leo asihangaike.

Hiki cha pili chenye kichwa cha duara ni cha masaji na cha kusaidia seramu, yale matone ya kulisha ngozi, iingie. Hiki hakina mchezo, kinatetemeka mara milioni tatu kwa sekunde. Mtakuta na za milioni moja, lakini kwa uso msichukue hizo, kwasababu mitetemo ikiwa michache sauti inazama mbali zaidi, ya milioni moja inaingia sentimita kadhaa, ndo wanazotumia watu wa fiziotherapia, tiba ya viungo, kwa misuli ya ndani. Ngozi ya uso ni milimita moja mbili hivi, ya milioni tatu inatosha na inabaki.

Sasa nani asifanye. Nasema haraka ila nasema kwa herufi kubwa: mjamzito asifanye, mwenye betri ya moyo asifanye, mwenye kifafa, mwenye saratani au anayetibiwa saratani, mwenye chuma usoni alichowekewa hospitali, mwenye kidonda au chunusi zilizoiva zina usaha, na mwenye kumeza zile dawa kali za chunusi za isotretinoini. Mmechoma botoksi au fila, zile sindano za kuondoa mikunjo na kujaza uso, juzi juzi? Subirini, muulizeni aliyewachoma ni lini mnaruhusiwa. Na kama unapaka retino, ile krimu ya vitamini A, usiku, iache siku tatu kabla. Mdogo wangu nshamuuliza yote hayo jana, na leo nimemuuliza tena.

Kuosha uso mnajua, nisiwachoshe. Povu, maji, toa mekapu yote, basi. Taulo la uvuguvugu juu ya uso dakika tano, ngozi ilainike. Hapo nimeruka mbele, mnaona taulo nshatoa.

Sasa njooni karibu. Njooni kabisa. Kabla sijagusa uso wa mtu nataka mwone hiki kitu, nachukua tone moja la maji naweka kwenye ncha ya ulimi, kifaa kimezimwa, tone limekaa tuli kama lilivyo. Nawasha... mmeona? Limepotea! Limekuwa moshi, limerushwa hewani, na hako kasauti ka tssss mnakokasikia ni ka maji. Hapo ndo siri yote ilipo, maji yakikutana na hiyo mitetemo yanapasuka vipovu vidogo vidogo sana na ndo yanayobandua ngozi mfu na mafuta yaliyoganda kwenye vitundu. Kwahiyo kazi inafanywa na maji, chuma kinayatikisa tu. Kusiwe na maji, chuma kinabaki kinasugua ngozi na kinachemka. Shikeni hilo, nitalirudia mpaka mnichoke.

Ngoja, ngoja, lenzi imejaa ukungu, hamnioni. Ni ule mvuke. Nafuta... haya. Nasogeza simu upande wa kushoto, moshi wote unarukia mbele.

Haya, uso umelowa chepechepe, namwagia kwa chupa ya kupuliza, na chupa hiyo haitoki mkononi mwangu, mkono mmoja skraba mkono mmoja chupa. Nakilaza kifaa kama nyuzi 45 hivi, ncha ndo inagusa, alafu nasukuma mbele pole pole, ulimi unatangulia. Sibonyezi. Uzito wa kifaa chenyewe unatosha. Naanza kidevu, napanda taya, shavu, paji la uso, mistari mifupi mifupi, na kila mistari mitatu minne napuliza maji tena. Mimi napenda kuanzia kidevu kwasababu mtu anazoea mtekenyo kabla hujafika puani, wengine wanaanza paji, haina shida.

Macho usiyaguse. Kope usiziguse. Kaa juu ya ule mfupa unaozunguka jicho, usiuvuke.

Pua sasa. Jamani nisikilizeni hapa hata kama mlikuwa mnafanya kazi nyingine, wekeni chini. Hapa pembeni ya pua, kwenye hiki kibonde, ndipo nilipojiunguza mimi. Nilikuwa najifanyia mwenyewe mbele ya kioo, nikakiona kidoa kimoja cheusi kimekataa kutoka, nikakaa nacho, nakisugua nakisugua, maji yamekauka na mimi sijui kwasababu hicho kibonde maji hayakai, yanateleza yanashuka mdomoni. Nilisikia kama nimechomwa na ncha ya kiberiti. Kilipona baada ya siku chache lakini kikaacha doa jeusi saizi ya punje ya mchele, na lile doa nilitembea nalo miezi. Ngozi nyeusi ndivyo ilivyo, ukiiunguza kidogo tu inajaza rangi pale pale kujilinda, na rangi hiyo haina haraka ya kuondoka.

Kwahiyo pembeni ya pua fanya hivi: lowesha, pita mara moja, inua. Lowesha, pita, inua. Mnaona? Lowesha kwanza. Kidoa kikigoma kiache, wiki ijayo kipo, hakiendi popote. Na upande wa pili hivyo hivyo, lowesha, pita... mdogo wangu unasikia moto? Hapana? Ukisikia moto unaniambia hapo hapo, usivumilie. Na wewe unayemfanyia mtu, muulize, usisubiri aseme, watu wanaona aibu kusema.

Simu hebu isogee hapa kwenye ncha. Huu utando mweupe wa kijivu mnaouona umejikusanya, kila mtu anaufurahia, na mimi pia naupenda kusema ukweli, unaridhisha. Lakini si uchafu wote, ni mafuta ya ngozi, ngozi mfu, na ngozi ya juu iliyolowana na maji tu. Ukisema unapita mpaka usitoke tena utamaliza ngozi ya mwenzio, kwasababu hautaacha kutoka. Uso mzima dakika tano mpaka saba, zima. Mimi naweka alamu kabisa kwenye simu.

Hiyo imeisha, nafuta kwa kitambaa laini, sisugui. Rangi imekuwa nyekundu kidogo hapa shavuni, kawaida, baada ya saa moja mbili inatulia.

Kifaa cha pili. Jeli. Mmeshapimwa altrasaundi hospitali mnakumbuka ile jeli ya baridi wanayopaka tumboni? Sababu ni hiyo hiyo. Sauti ya aina hii haipiti kwenye hewa, ikikutana na hewa kati ya kifaa na ngozi inarudi karibu yote ilikotoka, na inayorudi inakiunguza kile kichwa cha mashine kiwe cha moto. Jeli inafukuza hewa inajenga daraja. Ndani ya hiki kichwa kuna kisahani cha seramiki, ukikipa umeme kinajikunja na kujinyoosha haraka haraka, hiyo tabia ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ndo walioigundua kwenye fuwele mwaka 1880, walikamua fuwele ikatoa umeme, na mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba ukiipa umeme inajikunja, kama hiki kisahani. Mimi kila nikikiwasha hiki nawakumbuka wale ndugu, kweli.

Napaka jeli nene, nene zaidi ya hapo, usiibanie. Mafuta peke yake usitumie na seramu nyepesi kama maji usitumie peke yake, inakauka katikati ya kazi. Mimi naweka matone ya seramu chini, jeli safi isiyo na harufu juu. Na hapa kuna jambo la maana, muwe makini na mnachoweka chini ya sauti. Mwaka 1995 Mitragotri, Blankschtein na Langer kule Marekani walionesha kwamba mitetemo ya chini, kama 20,000 kwa sekunde, inaweza kupitisha hata insulini kwenye ngozi, na insulini ni kitu kikubwa ambacho kwa kawaida ngozi inakikatalia mlangoni. Mashine yetu hii ya milioni tatu haina nguvu ya namna hiyo, na sitawadanganya kwamba inasukuma kila kitu ndani. Ila hata kidogo ni kidogo. Kwahiyo asidi, vitu vya kung'arisha ngozi, manukato, vyote kaa navyo mbali leo, weka kitu cha kulainisha tu.

Nawasha... haiwaki. Aa, chaji imeisha. Na hapana, siiunganishi na umeme ili niendelee huku inachaji, mtu kalala na uso umelowa jeli, hapana kabisa. Nimechaji nusu saa, nimerudi, ndo maana mwanga wa dirishani umebadilika, na jeli nimempaka upya ile ya kwanza ilishakauka.

Nguvu naweka ya chini kabisa. Naweka kichwa kikiwa tayari kimegusa jeli ndo nawasha, siwashi hewani. Viduara vidogo, kutoka kidevuni kuelekea sikioni, kutoka puani kuelekea sikioni, mkono hausimami. Hausimami! Hata ukipiga chafya inua kwanza. Kikikaa sehemu moja joto linajilundika chini, na juu unaona pametulia tu. Kwenye mfupa ndo pabaya zaidi, kwenye taya na hapa juu ya shavu na paji, mfupa unameza sauti unachemka, mtu anasikia maumivu ya ndani kama jino. Akisema hivyo umebonyeza sana au umekawia. Pita kwa wepesi. Shingoni pita pembeni tu, katikati hapa kwenye koo kuna tezi, usipaguse. Dakika tano kila upande, imetosha.

Wakati namalizia, nijibu lile swali linalojaa kwenye komenti kila siku, dada hii ni sawa na ile ya kukaza ngozi, ile haifu? Hapana jamani, ni ndugu ila si moja. Haifu inakusanya sauti iende nukta moja ndani ya ngozi, kama ulivyokuwa unakusanya jua kwa kioo cha kukuza ukachoma karatasi. Zinalenga kina cha milimita 1.5, 3.0 au 4.5, na kwenye ile nukta joto linapita digrii 60, kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, inajikunja, alafu mwili unajenga nyingine mpya, ndo maana matokeo yake unayaona baada ya miezi miwili mitatu na hayaji siku hiyo hiyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya namna hiyo 2009 kwa kunyanyua nyusi, 2012 ikaongeza chini ya kidevu na shingo, 2014 mikunjo ya kifuani. Ni kitu kizuri kwa mikono ya daktari anayejua mishipa ya fahamu inapita wapi kwenye taya na pembeni ya paji la uso. Hizo za kununua mtandaoni ujifanyie chumbani, nawaomba, msiguse. Ukikosea milimita moja unayeyusha mafuta ya shavu usiyotaka kuyapoteza, au mdomo unalegea upande mmoja kwa wiki kadhaa. Mteja wangu mmoja alikuja na alama za mistari iliyoungua shavu zima, alifanyiwa na mtu aliyejifunza kwenye video. Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, mimi sikumgusa.

Haya, kwa mdogo wangu tumemaliza. Natoa jeli kwa kitambaa, maji ya baridi, losheni nzito, na mchana huu huu sanskrini, usiruke, ngozi imebanduliwa juu, jua likiipata hivi linachora madoa. Skraba mara moja kwa wiki mwisho, ngozi kavu au inayowasha kila wiki mbili. Kama kesho bado kuna wekundu unaouma, wiki hiyo nyingine usifanye.

Jiangalie kwenye kioo. Anagusa shavu hataki kuacha, nyie.

Ulimi wa skraba naufuta kwa pamba yenye spiriti, pande zote mbili na kwenye hiki kikona ambapo utando unajificha. Kifaa kisichovywe kwenye maji, kifutwe tu. Na pitisha kidole kwenye ncha taratibu kila ukimaliza, ukisikia imekwaruza au imepinda hata kidogo, hicho usikipeleke tena kwenye uso wa mtu.